Kukimbia Hatari Si Kuvunja Ndoa

Kipindi cha familia. Maandishi ya mazungumzo ya redio kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji, kambi ya Nyarugusu.

(Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.)



Leo tunazungumza juu ya ndoa yenye shida, na juu ya yale makanisa yetu yanayofundisha kuhusu kutengana na talaka. Tumechagua mada hii kwa sababu kuna swali moja ambalo halikomi kuulizwa. Linaulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mama, lakini baba pia huuliza: "Nikitoka katika nyumba hii, nitakuwa nimemkosea Mungu?"

Mimi ni mtangazaji, si mchungaji wala padri. Na umri wangu ni mdogo mbele ya wazee wengi wanaonisikiliza. Kwa hiyo sitahubiri. Nitaeleza yaliyoandikwa, yale ambayo makanisa yanakubali, na sheria ya nchi iliyotupokea inavyosema. Ndugu zetu Waislamu, msizime redio. Sehemu ya sheria na ya usalama inatuhusu sisi sote.

NDOA UKIMBIZINI

Wote tunajua jinsi maisha ya hapa yanavyoibana ndoa. Kule nyumbani baba alikuwa na shamba, au mtumbwi, au duka dogo. Aliamka asubuhi akajua anakwenda wapi. Hapa anaamka na kukaa. Mama naye anabeba maji, anatafuta kuni, anagawanya unga uishe pole pole mpaka mgao ujao. Nyumba ni ndogo, watoto wanasikia kila neno. Kuna waliopoteza ndugu njiani na hawajawahi kuwalilia vizuri. Mgao ukipungua, maneno yanaongezeka.

Kwa hiyo ugomvi upo, hata kwa watu wanaopendana. Lakini tutofautishe mambo mawili. Kuna ugomvi, na kuna hatari. Kununiana kwa sababu ya mafuta ya kula, kubishana juu ya mama mkwe, kukasirika kwa sababu bwana ameuza maharage bila kusema: huo ni ugomvi. Unaumiza, lakini watu wawili wanaweza kukaa wakausema na ukaisha. Kupigwa, kutishiwa panga, kulazimishwa kitandani, kufungiwa ndani, kunyimwa chakula wewe na watoto: hiyo ni hatari. Dawa ya ugomvi haiponyi hatari. Mtu akikuambia "vumilia" kwa yote mawili, hajakusikiliza.

YESU ALIULIZWA NINI?

Tuanze na maneno ya Yesu, kwa sababu ndiyo yanayotajwa kwanza. Yako katika Mathayo sura ya 19 na Marko sura ya 10. Mafarisayo walimwendea wakamwuliza kama ni halali mtu kumwacha mkewe kwa sababu yoyote ile.

Sikilizeni swali lenyewe vizuri. Katika nchi ile, torati ya Musa, Kumbukumbu la Torati sura ya 24, ilisema mume anayemwacha mke ampe hati ya talaka. Walimu wa Kiyahudi walibishana sana juu ya sababu gani inatosha. Wanafunzi wa mwalimu Shammai walisema ni jambo la aibu ya uzinzi tu. Wanafunzi wa mwalimu Hillel walisema hata mke akiharibu chakula, inatosha. Fikiria wewe mama: ugali umeungua, na jioni umeandikiwa karatasi, unatoka bila shamba, bila nyumba, labda bila watoto.

Yesu hakuingia katika kubishana kwao. Aliwarudisha mwanzo, kwenye kitabu cha Mwanzo, ambako mume na mke wanakuwa mwili mmoja. Alisema jambo ambalo Mungu ameliunganisha, binadamu asilitenganishe. Na alisema ruhusa ya Musa ilitolewa kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao.

Sasa tujiulize: neno lile kali lilimwendea nani kwanza? Lilimwendea mtu mwenye nguvu ya kufukuza. Lilimzuia asimtupe mwenzake kama nguo iliyochakaa. Lilikuwa ukuta wa kumlinda yule dhaifu. Ajabu ni kwamba siku hizi ukuta ule ule unatumika kumfungia ndani yule anayepigwa. Aliyepiga anashika Biblia, anamwambia aliyepigwa, "Mungu anachukia talaka, huwezi kutoka."

Hata hilo neno kuhusu Mungu kuchukia talaka watu hulitoa katika Malaki sura ya 2. Ukisoma kuanzia mstari wa 13 utaona nabii anawasema wanaume waliowatendea kwa hila wake wa ujana wao, na kwa sababu hiyo sadaka zao zinakataliwa madhabahuni. Na mstari wa 16 unataja talaka pamoja na jeuri, yote pamoja. Haiwezekani mtu ashike nusu ya mstari na kuifunika nusu nyingine.

PAULO NA WATU WA KORINTHO

Twende kwa mtume Paulo, Wakorintho wa Kwanza sura ya 7. Katika mstari wa 10 anasema mke asitengane na mumewe, na mume asimwache mkewe. Hilo ni wazi. Lakini mstari wa 11 unaendelea: ikiwa mke ametengana, basi akae bila kuolewa, au apatane na mumewe.

Angalieni hapo. Paulo anafundisha ndoa idumu, na bado anajua kwamba wako waliotengana. Hawafukuzi kanisani. Hasemi wamepotea. Anawaonyesha njia mbili: kukaa peke yao, au kupatana. Maana yake kutengana na kuvunja ndoa ni mambo mawili. Na katika mstari wa 15 anazungumzia mwenzi asiyeamini anayeondoka mwenyewe. Anasema aachwe aende, na yule ndugu au dada aliyebaki hafungwi, kwa kuwa Mungu ametuita katika amani.

MAKANISA YETU YANASEMAJE?

Katika kambi hii makanisa ni mengi, na hayafundishi sawasawa katika kila jambo. Nitaeleza kwa ufupi.

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ndoa halali ya wabatizwa, iliyokwisha kukamilika, haivunjwi na mtu yeyote mpaka kifo. Lakini sheria ya Kanisa hilo ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inasema kwamba mwenzi mmoja akimletea mwingine au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili, anampa sababu halali ya kuondoka. Kwa kawaida jambo hili hupitia kwa askofu. Lakini kama kuchelewa ni hatari, mtu anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Papa Fransisko naye, katika barua yake juu ya familia ya mwaka 2016, aliandika kwamba kuna wakati kutengana hakuepukiki, na kwamba pengine kunakuwa wajibu, hasa pale inapobidi kumkinga aliye dhaifu au watoto wadogo na ukatili. Na Mkatoliki aliyetengana na mwenzake, asiyefunga ndoa nyingine, hazuiwi kupokea Komunyo kwa sababu tu ametengana.

Kuna pia jambo ambalo watu hulichanganya na talaka. Mahakama ya Kanisa inaweza kuchunguza kama ndoa ilikuwa ndoa kweli tangu siku ya kwanza. Kwa mfano, msichana aliyelazimishwa kwa vitisho, hakukubali kwa hiari yake. Ikithibitika, Kanisa linatamka kwamba ndoa ile haikuwapo. Haivunji kitu kilichokuwapo.

Kwa upande wa makanisa ya Kiprotestanti, mengi yanasema ndoa ni ya kudumu, lakini yanatambua sababu mbili zilizoandikwa: uzinzi, kwa Mathayo 19 mstari wa 9, na kuachwa, kwa Wakorintho wa Kwanza 7 mstari wa 15. Wako walimu wanaosema kwamba mtu anayempiga mwenzake mpaka akimbie, ndiye aliyeiacha ndoa, ingawa mwili wake umebaki ndani ya nyumba. Wako wasiokubali hivyo. Juu ya kuoa au kuolewa tena, tofauti ni kubwa zaidi. Muulize mchungaji wako, naye akueleze kwa Maandiko, si kwa hasira.

Lakini juu ya jambo moja, mtu akisoma vizuri haoni ubishi. Kutoka kwenda mahali pa usalama, hilo peke yake si talaka.

SISI WOTE TULIKIMBIA

(Muziki mfupi.)

Wapendwa, tujiangalie sisi wenyewe. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, na wa kwanza walikuwa watu waliotoka Kongo, wengi wao kutoka Kivu ya Kusini, waliovuka Ziwa Tanganyika. Ndugu zetu Warundi walikuja kwa wingi kuanzia mwaka 2015. Kila mmoja wetu, yeye au wazazi wake, alifika hapa kwa sababu alikimbia.

Siku ile risasi zilipolia, kuna mtu aliyekuambia, "Usikimbie, utakuwa umeisaliti nchi yako"? Kuna mzee aliyesema, "Vumilia, nchi ni nchi"? Hapana. Walisema, chukua mtoto, toka. Na mpaka leo, ukiulizwa wewe ni wa wapi, unasema Fizi, unasema Uvira, unasema Makamba. Hukuikana nchi yako. Uliokoa uhai ili siku moja, amani ikirudi, kuwe na mtu wa kurudi.

Basi mama anayetoka usiku na mtoto mgongoni, akimkimbia mtu mwenye panga, kwa nini tunamwambia maneno ambayo sisi wenyewe hatukukubali kuambiwa?

Biblia nayo ina wakimbizi wengi, lakini leo nataka tumwangalie mmoja, Daudi. Soma Samweli wa Kwanza kuanzia sura ya 18. Daudi alikuwa katika nyumba ya Sauli. Sauli alikuwa mfalme wake, aliyepakwa mafuta. Alikuwa pia baba mkwe wake. Daudi alimheshimu. Sauli akamtupia mkuki, zaidi ya mara moja. Daudi alifanya nini? Hakukaa kungoja mkuki mwingine kwa jina la heshima. Alikimbia usiku. Na aliyemteremsha dirishani ni mke wake, Mikali, binti wa huyo huyo Sauli. Hakuna mahali Biblia inapomlaumu Daudi kwa kukimbia.

Na Daudi hakulipiza. Alipata nafasi ya kumwua Sauli pangoni, katika sura ya 24, akakataa. Sauli alilia kwa sauti, akamwita mwanangu, akakiri kwamba amekosa. Je, Daudi alirudi naye nyumbani jioni ile? Hakurudi. Sauli alikwenda kwake, Daudi akapanda ngomeni. Na sura ya 26 inaonyesha Sauli anamwinda tena, na watu 3,000.

Kwa hiyo mtu anaweza kusamehe na bado asirudi mahali pa mkuki. Kusamehe ni kuondoa kisasi moyoni. Kurudi ni jambo jingine, linahitaji usalama.

KWA BABA ZETU, NA KWA MAMA ZETU

Baba zetu, naongea kwa heshima. Ukimbizi umewanyang'anya vitu vingi. Mtu aliyekuwa anaitwa mzee kijijini, leo anasimama kwenye foleni akiwa na namba. Maumivu hayo ni ya kweli. Lakini mkeo hakukunyang'anya. Yeye naye amenyang'anywa. Katika Waefeso sura ya 5, mstari unaopendwa ni ule wa 22, wake kuwatii waume. Someni na ule wa 21 unaotangulia, wa kunyenyekeana ninyi kwa ninyi. Someni na ule wa 25 na wa 28: mume ampende mke kama Kristo alivyolipenda kanisa hata akajitoa, na ampende kama mwili wake mwenyewe. Hakuna anayeupiga mwili wake mwenyewe fimbo kwa sababu chakula kimechelewa. Na mali uliyotoa kwa wakwe ilikuwa heshima kwa familia mbili. Haikununua ruhusa ya kupiga.

Mama zetu, wapo wanaume wanaoteseka na wanaona aibu kusema. Wapo wanaotukanwa mbele ya watoto kwa sababu hawana kazi. Wapo wanaopigwa. Wapo walioachwa siku mtu mwenye pesa alipotokea. Baba wa namna hiyo naye ana haki ya kusikilizwa bila kuchekwa.

Na ninyi mliokosa mtoto, au mliozaa wasichana tu, na ndugu wanasema muachane: katika yote tuliyosoma leo, hakuna mahali utasa ulipotajwa kuwa sababu ya talaka. Elkana, katika Samweli wa Kwanza sura ya 1, alimpenda Hana na kumpa sehemu ya pekee wakati Hana hajazaa hata mmoja.

KWA WANAOPATANISHA

Wachungaji, wamama wachungaji, wazee wa kanisa, wakuu wa vijiji: watu wanawaamini, ndiyo maana wanaleta shida zao kwenu kwanza. Kupatanisha ni kazi njema. Lakini tunawaomba mambo manne.

La kwanza, msikilizeni kila mmoja peke yake. Mama akiulizwa "Alikupiga?" na bwana amekaa pembeni anamtazama, atasema hapana. Atasema hapana kwa sababu usiku atalala na huyo huyo.

La pili, msimrudishe mtu usiku ule ule. Ugomvi mnaweza kuumaliza kwa kikao kimoja. Hatari haimalizwi kwa kikao kimoja.

La tatu, msipime toba kwa machozi. Sauli alilia. Yohana Mbatizaji, katika Luka sura ya 3, alidai matunda yanayoonyesha toba. Matunda ni kama haya: bwana ameacha pombe iliyokuwa inamwasha, amekiri bila kusema "lakini yeye ndiye alinichokoza", amekubali kufuatiliwa kwa miezi, na amekubali mke akae mbali kwa muda bila kumtishia.

La nne, yaliyosemwa kwenu yabaki kwenu. Siri ikifika kwenye bomba la maji, mama wa pili hatakuja tena kwenu.

ALIYEPOTEA VITANI

Kuna swali jingine la hapa kwetu ambalo vitabu vingi vya ndoa havina. Ni la mtu ambaye mwenzake alipotea siku ya vita. Hajulikani kama yuko hai. Miaka inapita. Je, bado ana ndoa?

Sheria ya Ndoa ya Tanzania inasema hivi: ikipita miaka 5 bila habari yoyote kuwafikia wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake, mahakama inaweza kumhesabu kuwa amefariki, mpaka ithibitike vingine. Kanisa Katoliki halitazami miaka peke yake. Linataka uchunguzi, na tamko la askofu kwamba kifo kinaaminika. Makanisa mengine yana taratibu zao. Kwa hiyo kabla ya kufunga ndoa nyingine, uliza kwanza. Na kabla ya kuuliza, tafuta. Shirika la Msalaba Mwekundu lina huduma ya kutafuta jamaa waliopotezana kwa vita. Andikisha jina. Wapo watu waliopatikana baada ya miaka mingi, na ni bora habari ikupate kabla hujafunga ndoa ya pili.

SHERIA YA NCHI HII

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatuhusu sisi pia tunaoishi hapa. Nitataja mambo machache.

Kifungu cha 66 kinasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Hakuna. Hata kwa mila, hata kwa "kumfundisha".

Ndoa haivunjwi kwa kurudisha mahari, wala kwa karatasi ya wazee, wala kwa kutenganisha majina kwenye kadi ya mgao. Anayetoa talaka ya ndoa ya Kikristo ni mahakama. Na kabla ya kufika huko, kwa kawaida shauri linapita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo linajaribu kuwapatanisha. Likishindwa, linatoa hati, na ndipo mahakama inapokea ombi. Mahakama yenyewe inaangalia kama ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Miongoni mwa mambo inayoyapima ni ukatili, uzinzi, na kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi.

Mahakama inaweza pia kuamuru watu watengane bila talaka. Hii inamfaa yule ambaye kanisa lake haliruhusu talaka, lakini anahitaji ulinzi. Na juu ya watoto, mahakama inatazama kwanza faida ya mtoto. Mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama, isipokuwa kuna sababu ya kuona vingine.

Kwa hiyo anayekuambia "ukitoka tu, watoto wangu hutawaona tena", hasemi sheria. Anakutisha.

USIKU WA HATARI

Ikiwa wewe unayenisikia uko katika hatari, usingoje mpaka ujue majibu yote ya Biblia. Panga sasa hivi, kukiwa kimya. Chagua jirani mmoja unayemwamini, mkubaliane alama: mtoto akija kuomba chumvi usiku, jirani ajue maana yake. Kadi na karatasi za watoto ziwe mahali unapoweza kuzichukua haraka. Jua njia ya kwenda kwa sungusungu, polisi, hospitali, na ofisi inayoshughulikia ukatili wa kijinsia katika kambi. Ukiogopa kwamba ukitoka utakosa mgao, liseme hilo ofisini mapema. Ni jambo wanalolijua.

Aliyelazimishwa kimwili, mama au baba au mtoto, afike hospitali upesi. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Usioge kwanza, kama unaweza. Nenda.

Na majirani: tunasikia. Nyumba zetu ni za udongo na shitingi, kila kitu kinasikika. Tusiseme "mambo ya bwana na bibi tusiingilie". Piga kelele, gonga sufuria, mwite sungusungu. Mikali alimteremsha mumewe dirishani. Mtu fulani lazima ashike kamba.

Turudi basi kwenye lile swali la mwanzo: "Nikitoka, nitakuwa nimemkosea Mungu?" Ikiwa unatoka kwa sababu umechoka na maisha ya shida, au umeona mwingine, hilo lizungumze na mwenzako na kanisa lako, kwa sababu Yesu hakufungua mlango mwepesi. Ikiwa unatoka ili wewe na watoto wako mfike asubuhi mkiwa hai, hujavunja kitu. Kama kuna kilichovunjika, kilivunjwa na mkono ulioinuka. Mlango wa kupatana unaweza kubaki wazi. Lakini ufunguo wake sasa uko kwa yule aliyefanya nyumba iwe mahali pa kukimbiwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, mama au baba akikimbia nyumba usiku, anaweza kulala wapi? Kama hakuna mahali, kikundi chenu kinaweza kufanya nini wiki hii?

2. Mnatofautishaje ugomvi na hatari? Toeni mifano bila kutaja majina ya watu.

3. Viongozi wa makanisa yenu husikiliza mume na mke kwa namna gani? Nini kibadilike?

4. Mtu akisema amebadilika, ni matunda gani mngependa kuyaona, na kwa muda gani?

Kiongozi wa kikundi, tafadhali usimlazimishe mtu kueleza ya nyumbani kwake mbele ya wengine. Akitaka kuongea, muongee baadaye, pembeni.

Ulalapo usiku huu, sikiliza na nyumba ya jirani. Mimi naishia hapa, tukutane wiki ijayo Mungu akipenda.

(Muziki wa kufungia.)